Plagi Nyeupe Kati ya Maktau na Mbuyuni

Kazi ndiyo inayonitoa Voi kila Jumapili. Mimi ni mwalimu; familia yangu iko Voi na shule yangu iko Bomeni, ndani kwenye mashamba ya ndizi ambako matatu hazifiki. Kwa hiyo naenda kwa pikipiki. Ila safari hii nilikuwa na shughuli ya pili. Pikipiki ilikuwa imenizimikia mara mbili kati ya Maktau na Mbuyuni, pale barabara inapokata mbuga. Mjini haizimiki hata uilaani. Baada ya mara ya pili mke wangu, Wakesho, aliniambia, "Baba Mghoi, siku moja tutapigiwa simu tuje kukuokota." Sikupata usingizi wa maana wiki nzima.

Jumamosi niliipeleka kwa fundi wangu wa hapa Voi, Mwakio. Akazunguka nayo mtaani, akarudi akitikisa kichwa.

"Mwalimu, hapa iko sawa kabisa. Kabureta iko na njia mbili za petroli, ya pole pole na ya mbio. Mjini unatumia ya pole pole tu. Hiyo ya mbio itajionyesha huko huko barabarani."

"Sasa nifanyeje?"

"Ikianza kuchoka, usipunguze. Shika klachi, zima na swichi hapo hapo, iache itambae mpaka isimame. Toa plagi uangalie rangi. Nyeusi, petroli ni nyingi. Nyeupe, petroli haifiki. Lakini usiiendeshe kwanza ndio uangalie. Itakudanganya."

"Nizime mwenyewe? Kwa ndovu?"

"Ni dakika tano tu, mwalimu."

Akanipa spana ya plagi. Dakika tano! Yeye wakati huo atakuwa Voi anakunywa chai.

Jumapili saa nane mchana niliondoka. Mwatate nikapita vizuri, Bura nikapita vizuri, na kadiri pikipiki ilivyozidi kwenda vizuri ndivyo nilivyozidi kuisikiliza injini, maana nilijua inaningoja mbele. Pale Maktau askari wa wanyama alinisimamisha.

"Leo pita haraka. Kuna ndovu mama na mtoto wake, asubuhi amefukuza lori."

Lori!

Nilikuwa nimeingia mbugani kilomita chache tu injini ilipoanza kukohoa. Ndiyo ilikuwa saa yenyewe. Mkono ukaenda kwenye klachi, kidole kikagusa swichi. Kisha nikaona mavi ya ndovu katikati ya lami, mabichi bado. Sikuzima. Nilivuta choki, ile ya kuongeza petroli asubuhi injini ikiwa baridi, na pikipiki ikapata nguvu kidogo. Nikajikokota hivyo hivyo hadi Mbuyuni, nikanunua soda na kuinywa injini ikinguruma pembeni, mpaka chupa ikaisha. Hapo ndipo nikatoa plagi. Ilikuwa nyeusi tititi.

Bomeni, Jumatatu jioni, nilimpelekea fundi Elisante pikipiki pamoja na plagi hiyo. Ni mtu mpole, hufanya kazi chini ya mabati nyuma ya kanisa, na huuliza kabla ya kushika spana.

"Umeitoa wapi hii?"

"Hapo mbugani. Nimezima ikiwa mbio, kama nilivyoambiwa."

Mwalimu mzima, nadanganya mchana kweupe. Niliona haya kumwambia kwamba nilikimbia.

"Basi inakunywa kupita kiasi," alisema. Akafungua kabureta, akashusha sindano ya ndani ili petroli inayopita ipungue. Tuliijaribu kwenye vijia vya migombani, ikanguruma safi. Nikamshukuru sana.

Ijumaa saa tisa nilianza kurudi. Mbuyuni nikapita bila kusimama, nikaingia mbugani, nikavuta mafuta mpaka mwisho. Safari hii haikukohoa hata mara moja. Ilikata tu, kama mtu amefunga bomba, ikatambaa na kusimama. Nilipiga kiki mara tatu. Kimya. Hakukuwa na gari mbele wala nyuma.

Sikuwa na pa kukimbilia, basi nikatoa spana. Plagi ilikuwa ya moto, ikaniunguza vidole, nikaiangalia. Nyeupe. Nyeupe kama chaki. Petroli haikuwa inafika, na mimi nilikuwa nimelipeleka jambo kwa fundi likiwa kichwa chini. Ile choki ndiyo iliyoipaka plagi masizi. Niliipiga picha kwa simu, na picha yenyewe imetikisika.

Ndipo tawi likavunjika. Yule ndovu mama alitoka upande wa kulia, mwekundu kwa vumbi, mtoto akiwa nyuma ya miguu yake, hatua kama sitini hivi kutoka niliposimama. Akatandaza masikio. Nilikuwa nimeishika plagi mkononi. Niliirudisha kwa vidole, ikakataa kushika, nikaanza upya, huku midomo yangu ikisema Baba Yetu na kurukaruka mistari. Ilipokaza nilivuta choki mpaka mwisho na kupiga kiki. Ya kwanza hapana. Ya pili ikawaka. Sikugeuka nyuma hadi Maktau, na suruali yangu haikuwa kavu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Voi nilifika kabla ya giza, polepole, choki ikiwa wazi nusu. Mwakio aliangalia picha, akafungua kabureta na kunionyesha kijitundu cha njia ya mbio. Kilikuwa kimezibwa nusu na uchafu mgumu. Akakisafisha, akarudisha sindano mahali pake. Nilimsimulia yote, hata uongo.

"Huyo wa Bomeni hajakosea," alisema. "Amefanya kile ulichomwambia."

Nilichojifunza ni kwamba niliogopa kwa dakika tano, nikaona haya kwa dakika moja, na ile dakika moja ndiyo iliyokaribia kuniua. Jioni hiyo nilimpigia Elisante simu, nikamwambia ile plagi niliitoa wapi hasa, na kilichonipata Ijumaa.

"Mwalimu," akasema, "ningekuja kukuzika, niimbe na wengine, na nisijue ni mkono wangu uliokuua."