Maziwa ya Jumanne

Kamati ya Mji Safi, baada ya kushauriana na wadau wote, ilitangaza kwamba kuanzia tarehe mosi Machi hakuna hoteli mjini Kericho itakayowauzia wateja maziwa kutoka kwenye chombo kisichooshwa kwa maji moto na sabuni. Kwamba chombo chochote kitakachopatikana na weusi ndani kitachukuliwa na kuvunjwa. Na kwamba katika zoezi hili hakuna mwananchi atakayepoteza kitu. Tangazo lilikuwa na muhuri. Wadau wote walilisoma kwa mara ya kwanza siku lilipobandikwa.

Hoteli ya Nyathira, ambaye wateja humwita Mama Njenga, iko nyuma ya soko. Ina meza sita, na kila Jumanne saa saba ile ya dirishani ilikuwa ikikaliwa na Noah Kiptanui. Mzee huyu alipima majani chai ya wakulima wenzake kwa miaka thelathini na moja kwenye kituo cha kununulia, na kwa kazi hiyo alichukiwa kwa kiasi cha kawaida. Alipostaafu walimpa blanketi na hotuba. Blanketi bado lipo.

Mke wake, Joan, ndiye aliyekuwa akiiletea hoteli mursik. Mursik ni maziwa yaliyolazwa siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, mpaka yakaganda, yakawa machachu na kuingia rangi ya majivu. Kila mama ana mkono wake, na ule mkono hukaa ndani ya kibuyu. Watu wa huku hupewa kikombe wakiwa wamefumba macho wakakuambia ni cha nyumba gani. Joan alitoka Sigor akiwa bibi harusi na vibuyu vinne, na kwa miaka arobaini alivisugua bila kumruhusu mtu mwingine.

Alikufa Novemba ya mwaka juzi. Baada ya mazishi vibuyu viligawiwa wakaza wana, kama inavyotakiwa, nao wakaenda navyo Nakuru, Narok na Eldoret. Kimoja hakikugawiwa kwa sababu siku hiyo kilikuwa kwenye rafu ya Nyathira, kikiwa na maziwa ndani. Hakuna aliyekikumbuka isipokuwa mzee, na mzee hakusema.

Ndiyo maana alikuwa akila mjini. Nyathira alikuwa amemtazama Joan akifanya kazi kwa miaka mingi, akajaribu mwenyewe: akachoma kijiti, akasugua, akamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akafunga. Yalitoka ya Joan. Mara ya kwanza Kiptanui alipoyaonja aliweka kikombe chini, akakiinua tena akakimaliza, kisha akaagiza ugali na mboga kama mtu mwenye njaa.

"Mzee, kwani kwako hakuna jiko?" Otiende, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akimuuliza kutoka meza ya pili.

"Iko. Lakini jiko haiongei."

"Na hayo maziwa yenu ya makaa yanaongea?"

"Kidogo. Wewe kula samaki yako, imenyamaza kabisa."

Nyathira alilisoma tangazo Jumatano jioni. Alijua kibuyu hakioshwi kwa sabuni. Joan aliwahi kumwambia kwamba kinakunywa sabuni na hakiisahau. Alifikiria kumpa mzee akirudishe nyumbani, akaona ni sawa na kumwambia asije tena. Alifikiria kukificha. Lakini wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri, na yeye mwenyewe aliwahi kuondoka mji huu wakati wa fujo za uchaguzi akiwa na godoro kichwani, akarudi baada ya miezi saba. Mtu wa namna hiyo habishani sana na karatasi yenye muhuri. Kati ya kuvunjwa na kuoshwa alichagua kuosha, tena kwa mikono yake. Alisuuza mara sita. Akachoma kijiti, akasugua upya, akamimina maziwa na kuomba.

Jumanne iliyofuata, Kiptanui alikuja na koti lake la kanisani, kama kawaida. Nyathira alimmiminia, akabaki amesimama pale akifuta meza iliyokuwa safi.

Mzee alionja. Akaonja tena, polepole zaidi, kama anayetafuta kitu kwenye chumba chenye giza.

"Umeosha, Mama Njenga."

"Nimeosha, mzee. Walisema watavunja."

"Na sabuni?"

"Na sabuni."

Otiende aliinamia samaki wake. Lilikuwa jambo la kwanza la busara alilofanya mwezi huo.

"Naweza kusugua tena," Nyathira alisema. "Pole pole itarudi."

"Hiyo ilikuwa kazi ya miaka arobaini."

"Najua."

"Mimi niko na sabini na tatu."

Alikunywa kikombe chote, kwa sababu kwao maziwa hayabakizwi mbele ya aliyekupa. Kisha akainuka na kumpa mkono, mkono wa kulia ukishikiliwa na wa kushoto, kama anavyomsalimu mchungaji. "Asante, Mama Njenga. Umefanya vile ungeweza."

Nyathira aliingia jikoni, na kwa muda hakuna aliyehudumiwa. Hakuna aliyelalamika pia.

Wakaguzi walikuja Ijumaa. Hawakufika jikoni. Walikula nyama choma, wakaandika kwamba hali ni ya kuridhisha.

Mwezi wa Mei kamati ilibandika karatasi ya pili, kufafanua kwamba tangazo lilihusu mitungi ya plastiki, na kwamba vyombo vya asili havikukusudiwa. Karatasi hiyo imebandikwa juu ya ile ya kwanza. Kiptanui hajaiona. Jumanne siku hizi anakula kwake.