Banda Nililomvunjia Mnunuzi

Niliamua kuuza nyumba yangu ya Naipingo ili nihamie kwa binti yangu, Ruangwa. Dalali aliniambia nyumba ikipendeza huuzika upesi, basi nikapaka rangi, nikaziba nyufa za sakafu na kubadilisha mlango wa mbele.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Masanja, mfugaji aliyehamia huku kutoka Kanda ya Ziwa. Alishawahi kupita akaiona nyumba kwa nje.

“Mama, lile banda la mbuzi la nyuma bado lipo?” akauliza.

Nikaona aibu. Banda lilikuwa limeinama, tena linanuka. “Lipo, baba, ila usiwe na wasiwasi. Nitalishughulikia kabla hujaja.”

“Nitashukuru sana,” akasema.

Kesho yake nikaita mafundi wawili, wakalivunja lote. Pale pale nikapanda maua, nikajiona najua biashara kuliko dalali.

Jumamosi Masanja alifika na mkewe. Nikawapa chai barazani, nikaanza kuisifia rangi. Yeye akazunguka nyuma na kikombe chake, kisha akarudi taratibu.

“Banda liko wapi, mama?”

“Nimekuondolea,” nikajibu kwa fahari.

“Nilidhani unalikarabati. Nyumba nzuri nimeziona nyingi. Yenye banda la kuweka ndama wangu ilikuwa hii tu.”

Mkewe akauliza kama walau miti yake ipo, walijenge upya. Nikatazama vikombe mikononi mwao. Miti ile ndiyo niliyochemshia chai.