Bibi Akigeuza Mbuzi Yake

Rafiki yangu, wiki iliyopita nilikalishwa kwenye kiti cha mtoto. Kiti cha plastiki, chekundu, magoti yamenifika kidevuni. Mimi! Mtu ambaye malori yake ukiyaona yamejipanga Mtwapa asubuhi unadhani kuna harusi ya tajiri. Nilikuwa nimeitwa shule ya chekechea hapa Malindi kuelezwa habari za mjukuu wangu. Mwanangu yuko Nairobi kikazi, mkewe na mtoto wanakaa kwangu, kwa hiyo neno la mtoto likija, linakuja mlangoni pangu.

"Mzee," mwalimu akaniambia, na kwa adabu, sikatai, "mtoto ni mzuri sana, ila yuko nyuma ya wenzake. Tunaona arudie darasa."

"Darasa gani?"

"Hili la watoto wadogo."

"Ana miaka minne, mwalimu. Mnataka arudi wapi, tumboni?"

Hakucheka. Mkwe wangu ndiye aliyeinamisha kichwa kwa aibu. Mwalimu akaendelea, taratibu, kama mtu anayemwondolea mwenzake mwiba. Mtoto hawezi kushika penseli, vidole havina nguvu. Akiruka anaanguka. Na mwenzake akimnyang'anya kitu, hasemi neno. Anakaa chini, analia, anangoja mtu mzima aje.

Nilitoka pale nimefura kama kiboko. Na usifikiri nilifura kwa sababu mwalimu alisema uongo. Nilifura kwa sababu alisema kweli. Mtoto yule nimemwona mwenyewe akilia kwa kuangusha kijiko, na kijiko kiko hapo, mbele ya miguu yake. Kabla hatujafika nyumbani mkwe wangu alikuwa ameshapiga simu kutafuta mtu wa kumfundisha Jumamosi. Masomo ya ziada! Mtoto bado anajikojolea, tunamtafutia masomo ya ziada.

Mimi shule niliiacha darasa la nne, na sioni haya kulisema. Nilianza kwa kupakia mawe timboni, yale mawe ya kujengea yanayokatwa ardhini, mgongo ukichubuka mpaka shati linagandana na ngozi. Leo ukitembea kutoka Mtwapa mpaka Kilifi, hesabu maghorofa, kisha uliza mawe yalitoka kwa nani. Watu huniuliza, mzee, ulisomea wapi biashara? Nawaambia nilisomea Junju, uani kwa bibi yangu, kabla sijaota meno ya ukubwani. Wanafikiri natania.

Wacha nikueleze uwanja ule, maana wewe ni wa rika langu, utanielewa.

Ulikuwa mchanga mtupu, mwekundu kidogo, unaofagiliwa alfajiri mpaka mistari ya fagio ionekane. Mama zetu waliondoka na majembe mapema, na watoto wote tukabaki kwa hawe, ndivyo tulivyomwita bibi kwa lugha yetu ya nyumbani. Ndugu, binamu, watoto wa jirani, na wengine sijui hata walikuwa wa nani. Asubuhi palinuka moshi wa makumbi na muhogo unaochemka. Jioni palinuka tui.

Mtoto alipoanza kukaza shingo, bibi alichukua kifuu akachimba kishimo pale mchangani. Akatandika leso kuukuu, akamkalisha mtoto ndani mpaka kiunoni, akamrudishia mchanga pembeni. Basi. Mtoto haanguki mbele, haanguki nyuma, na mikono yote iko huru. Anateka mchanga, anaumwaga, anauonja, anakunja uso, anauonja tena. Anawaona wakubwa wakipita mbio, na shingo inawafuata. Siku moja utamkuta ameng'ang'ania ukingo, anatetemeka, anajitoa mwenyewe. Hakuna aliyempigia makofi. Bibi alikifukia kile kishimo kwa mguu wake na maisha yakaendelea. Siku hizi mtoto anafungwa mkanda kwenye kiti chenye magurudumu mbele ya televisheni, halafu tunashangaa kwa nini akiruka anaanguka.

Ukishatembea, ulipewa chombo chako cha maji. Wa miaka miwili alikuwa na kikombe cha bati. Aliyemzidi alikuwa na kopo la mafuta ya kupikia. Wakubwa walikuwa na madebe. Tulikwenda kisimani kwa mstari, tukarudi vichwa vimenyooka kama wanajeshi, na ukimwaga, unarudi peke yako. Nilipofika mara ya kwanza na kopo limejaa, bibi alichungulia ndani, akasema, "Shingo imekomaa." Maneno mawili tu. Nimepewa hotuba nyingi tangu siku ile, na wabunge wameniita mheshimiwa, lakini hakuna sifa iliyowahi kuniingia hivyo.

Na akili? Akili tulifunzwa kwa nazi. Bibi alikuwa akikupa nazi kavu, anakwambia, "Itikise. Inasemaje?" Unatikisa, unasikiliza maji ndani. Yakicheza vizuri, ni nzima. Ikiwa kimya, imeoza au imeota. Ukikosea, nazi iliyooza inapasuliwa mbele yako, unaambiwa unuse wewe mwenyewe. Haki ya Mungu, hakuna darasa linaloingia kichwani kama lile. Hadi leo nikigonga jiwe kwa kidole nasikia kama lina ufa. Vijana wangu wa lori wanasema nina jini.

Lakini jambo ninalotaka kukueleza hasa ni mbuzi ya bibi. Unaijua mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao chenye ulimi wa chuma chenye meno. Bibi alikaa juu yake kila alasiri, uso ametuelekezea sisi, anakuna. Sauti ile, kru, kru, kru, ndiyo iliyokuwa saa yetu.

Siku moja tuligawiwa ukoko wa wali. Binamu yangu mmoja, mkubwa kwangu, mwenye tumbo, akaninyang'anya kipande changu akakishika juu ya kichwa chake.

"Kirukie, kifupi wee! Kirukie ukipate!"

Nikakimbia kwa bibi nikilia makamasi. "Hawe, muone huyu!"

Bibi alituangalia. Akamwangalia binamu, akaniangalia mimi. Halafu akainuka kidogo, akaigeuza mbuzi yake, akakaa ametupa mgongo. Kru, kru, kru.

Mgongo ule ulikuwa kama mlango uliofungwa. Nikarudi. Nikamwambia binamu, basi ule, lakini kesho ringi yangu ya baiskeli, ile ninayoisukuma kwa kijiti, usiiguse, na ndugu zangu wakitaka kucheza na wewe nitawaambia wewe ni fisi. Akacheka. "Ringi ipi, ile iliyopinda?" Nikasema hiyo hiyo iliyopinda, wewe hata iliyopinda huna. Akatafakari. Akakivunja kile kipande, akanipa upande mdogo. Nikakataa. Tukabishana mpaka nikapata upande mkubwa na yeye akapata ringi mpaka jioni. Sasa niulize tena nilisomea wapi biashara. Mikataba yote niliyowahi kufanya nilijifunza nyuma ya mgongo wa bibi.

Na usidhani alitutupa. Masikio yake yalikuwa uwanjani. Ugomvi ukifika pa mawe na meno, sauti ya kukuna ilikatika. Alikuwa hageuki, wala hasemi, anaacha kukuna tu. Rafiki yangu, ule ukimya! Mikono ilishuka yenyewe. Aliyeshika jiwe alilitazama kama mtu ambaye hajui limefikaje mkononi mwake. Kisha kru, kru, na sisi tukapumua.

Sisemi kila kitu kilikuwa asali. Tulikuwa na funza, bibi akituchokoa kwa mwiba wa mlimau huku tukipiga kelele. Na ndugu yangu aliyenifuata surua ilimchukua kabla hajatoka kwenye kishimo. Kishimo chake kilikaa wazi siku nyingi, hakuna aliyekuwa na moyo wa kukifukia. Kwa hiyo mkwe wangu akinitajia magonjwa, simcheki. Chanjo na apigwe, sabuni na itumike. Lakini nani aliyesema ukimchanja mtoto lazima umfungie pia?

Siku ya pili yake nilikwenda Junju. Nilitaka kuuona ule uwanja. Binamu yule yule wa ukoko amejenga vyumba vya kupangisha mpaka ukingoni, katikati ametandaza kabro, yale matofali ya saruji ya kufunika mchanga. Mawe ya kuta aliyanunua kwangu, siwezi kusema kitu. Milango imefungwa, mapazia yamefungwa, na nyuma ya kila pazia nasikia simu inamwimbia mtoto nyimbo za kizungu. Uwanja mzima hapana hata alama ya unyayo. Nilisimama juu ya kabro nikahisi nimesimama juu ya kaburi la mtu ninayemjua.

Basi nikapandwa na hasira za vitendo. Nikampigia dereva simu, nikamwambia alete lori la mchanga nyumbani kwangu, Malindi, mchanga msafi wa kujengea. Jumamosi asubuhi ukamwagwa mbele ya baraza. Mkwe wangu akatoka mbio, mkono kifuani.

"Baba, samahani, huu mchanga wa nini?"

"Wa mtoto."

"Una wadudu, baba. Halafu mwalimu wa Jumamosi anakuja saa nne."

"Akija mwambie akae mchangani naye."

Alikuwa anataka kulia. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, akirudia darasa watu watasema mtoto wangu ana kasoro." Hapo nilimwonea huruma, maana ndilo lililokuwa linamuuma, na mimi pia ndilo lililokuwa linaniuma. Tulikuwa tunaogopa kitu kimoja, ila kila mtu na dawa yake. Nikamwambia, "Mama, nipe mwezi mmoja. Mwezi huu akae mchangani. Ukiisha na vidole vyake havijapata nguvu, mlete huyo mwalimu, nami nitanyamaza." Akanitazama kama anajua kwamba kunyamaza sijawahi. Akakubali, akaenda kujibanza dirishani.

Mjukuu wangu nikamwekea mkononi kifuu nilichokiokota njiani nikitoka Junju. Akasimama mbele ya lile rundo la mchanga, safi, kubwa kuliko yeye. Akaniangalia.

"Babu, nifanye nini?"

We! Maneno yale yalinichoma. Hakuna mtoto aliyewahi kuuliza swali lile kwa bibi. Nikatazama huku na huku. Ukuta wangu ni mrefu, nimeujenga mwenyewe kwa mawe ya daraja la kwanza, hakuna mwizi aliyewahi kuuruka. Ndani ya ukuta huo kuna mzee mmoja, mtoto mmoja, na mchanga. Mchanga naweza kuagiza kwa simu. Wale watoto wa kuugombania wanaagizwa wapi?

Nikamwambia askari wa getini, "Fungua geti. Lote."

"Lote, mzee?"

"Umenisikia."

Nyuma ya ukuta wangu kuna nyumba za udongo za watu wa vibarua. Watoto wao walikuja mmoja mmoja, wakasimama getini, wananichungulia kama wanaomchungulia chui. Nikawaambia karibuni, nami nikakaa kwenye kiti changu barazani. Haikuchukua muda wakawa wamelipanda lile rundo, wanateleza, wanachimba. Mjukuu wangu alibaki pembeni na kifuu chake. Kisha msichana mmoja, amekosa meno ya mbele, akamjia moja kwa moja.

"Lete hapa, we! Hata huchimbi!"

Akakichukua. Mjukuu wangu akakaa chini, akafungua mdomo, akalia kama alivyosema mwalimu. Akalia akinitazama mimi. Dirishani pazia likatikisika. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshanyanyuka.

Nikainuka, nikaushika mkono wa kiti changu, nikakigeuza. Nikakaa nimewapa mgongo, nikitazama ukuta wa nyumba yangu.

Sasa ndipo nilipomkumbuka bibi vizuri zaidi. Maana yeye alikuwa na nazi. Aligeuka, lakini sauti yake haikuondoka, na kwa sauti ile tulijua yupo. Mimi nina nini mkononi? Sina mbuzi, sina nazi. Nazi zenyewe nyumbani kwangu zinakuja zimesagwa, kwenye pakiti. Mtoto nyuma yangu atajuaje kwamba sijamwacha?

Nina mdomo. Nikaanza kufoka. Nikafoka kwa sauti, peke yangu, nikiutazama ukuta: nikawasema wanaotandaza kabro mpaka mlangoni, nikazisema simu, nikayasema maziwa ya pakiti na nazi ya pakiti, nikamsema binamu yangu na ringi yangu ambayo hakuwahi kuirudisha. Nilifoka kwa mpigo mmoja, sipandishi sishushi. Nyuma yangu kilio kikaendelea, kikapungua, kikawa kwikwi. Kisha nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa mtoto yule.

"Nipe! Babu kanipa mimi!"

"Njoo uchukue basi!"

Mchanga ukarushwa. Mtu akapiga yowe, sijui nani. Shingo yangu ilitaka kugeuka, nikaikataza. Junju uwanja haupo, kishimo hakipo, na aliyekuwa akituuliza nazi inasemaje tumeshamzika. Limebaki hili tu nililokuwa nalifanya, na sikuwa na hakika kama nalifanya sawasawa. Maneno yakaniishia, nikaanza kuyarudia yale yale tangu mwanzo. Sikuthubutu kunyamaza.