Mpira wa Ndani Uliotuchelewesha Mkuyuni

Harufu ya gundi ya kuzibia pancha hainipiti hivihivi. Fundi baiskeli aliyefungua kibanda nyuma ya nyumba yangu hapa Kilakala ni kijana mwema, kila asubuhi hunipa shikamoo yangu bila kukumbushwa. Lakini akishafungua tu gundi yake mimi hufunga dirisha. Anadhani nina pumu. Sijamwambia ukweli, ila ninyi nitawaambia.

Nilikuwa na miaka minane hivi, nakisia tu, kwa maana siku hizo umri wetu ulihesabiwa kwa mavuno na kwa meno yaliyong'oka. Wadachi walikuwa bado wanatawala na vita vyao na Waingereza vilikuwa vimeshaanza. Sisi watoto wa Morogoro hatukuviona vita kwa macho. Tuliviona kwa kukosa. Chumvi ilikosekana, kisha vibiriti, kisha nguo. Maduka ya Wahindi yalibaki wazi, lakini rafu zilikuwa tupu, na wenyewe walikaa mlangoni wakipunga nzi.

Baba yangu, Salehe, alikuwa tarishi wa boma. Alipeleka barua kwa baiskeli nyeusi ya serikali, yenye namba iliyogongwa kwenye chuma chake. Aliifuta kwa mafuta ya nyonyo kila jioni, na mvua ikinyesha ililala ndani pamoja nasi. Majirani walisema Salehe ana wake wawili, na yule mdogo ana kengele. Mama alikuwa akicheka. Mimi sikucheka, maana ile baiskeli ilipata kuguswa na baba mara nyingi kuliko mimi.

Mwaka huo mama alikwenda kujifungulia kwao, milimani juu ya Mkuyuni, kama desturi yetu Waluguru ilivyo. Nikabaki na baba, tukila ugali wake uliojaa madonge. Siku moja ukaja ujumbe kutoka kwa mjomba Mkude, kaka yake mama: mtoto wa kiume amezaliwa, ana siku nne, na hanyonyi. Njoo, na Zena uje naye. Zena ndiye mimi.

Baba akaenda boma kuomba ruhusa. Akapewa siku mbili, na baiskeli akaachiwa. Jua la siku ya pili lisizame hajarudi, na baiskeli irudi nzima kama ilivyotoka. Alinieleza hayo huku akifunga pakiti ndogo ya chumvi aliyoitafuta mji mzima. "Tukipanda baiskeli," alisema, "adhuhuri tutakuwa kwa mama yako. Utambeba mdogo wako."

Tuliondoka alfajiri, mimi nimekaa nyuma nimemshika kiunoni. Ukungu ulikuwa umefunika milima hadi chini, na hewa ilinukia majani mabichi na moshi wa majiko ya watu waliowahi kuamka. Nilikuwa nimeshachagua jinsi nitakavyomshika mtoto. Tulipopita Bigwa tu, nikasikia sauti kama nyoka aliyekanyagwa. Gurudumu la nyuma likakaa chini.

Mwiba. Baba aliutoa, akautazama, akautupa. Akapindua baiskeli, akaubandua mpira wa ndani, akaushusha kijitoni mpaka mapovu yakaonyesha tundu. Tukaukausha. Akausugua kwa jani la msasa, polepole, kama mtu anayemsugua mtoto mgongo. Kisha akafungua mfuko wake wa vifaa, akatoa gundi, akaiminya. Ikatoa hewa. Akaiminya tena, akaikunja kuanzia chini, akaipasua kwa kisu. Ndani ilikuwa imekauka, ngumu kama ukoko, imebaki harufu tu.

"Twende kwa miguu, baba," nikasema.

"Tukienda kwa miguu tutafika, lakini kesho sitawahi kurudi. Ngoja. Haraka haraka haina baraka."

Tangu siku ile methali hiyo nikiisikia hunikera.

Mbele kidogo kulikuwa na shamba la mpira la Mdachi, miti imepangwa mistari hadi usiuone mwisho wake. Mlinzi wake, mzee mwenye rungu refu kuliko yeye, alisikiliza shida yetu kisha akacheka hadi akakohoa. "Mpira wote huu," alisema, akiionyesha ile miti kwa rungu, "na wewe umekwama kwa mpira!" Lakini alikuwa na huruma. Aligeuka akatazama upande mwingine, na baba akachanja mti mmoja, akakinga utomvu mweupe katika kifuu.

Utomvu ule ulinata kila mahali isipokuwa palipotakiwa. Ulinata vidoleni mwa baba, ukanata kwenye ndevu zake, ukanata kwenye nywele zangu hata shangazi akaja kuninyoa wiki iliyofuata. Baba alipaka, akapuliza, akasubiri ugande, akapaka tena. Akakata kiraka kutoka kwenye kipande cha mpira mkuukuu, akakibandika, akakikalia juu ya jiwe ili kishike. Mimi nilihesabu vivuli. Vilikuwa virefu tulipofika pale, sasa vilikuwa vimeingia chini ya miti.

Alijaza upepo. Ukakaa. Tukapanda, nami nikaimba kwa furaha, lakini sikuumaliza hata ubeti wa kwanza. Jua lilikuwa limepasha njia moto, utomvu ukalainika, na kiraka kikateleza kama jani la mgomba. Tukashuka. Akabandika upya. Tukaenda kidogo, tukashuka. Mara ya tatu akafunga kamba ya mgomba juu ya kiraka. Mara ya nne akautoa mpira wote akajaza majani makavu ndani ya tairi, tukasukuma baiskeli huku ikitoa majani nyuma kama kuku anayenyonyoka.

Tulifika Kiroka jioni. Hapo palikuwa na binamu yake baba, mtu wa heshima, mwenye nyumba yenye mlango wa mbao. Alipoona hali yetu alisema, "Iache hapa kwangu, Salehe. Nitaifungia ndani. Nendeni kwa miguu sasa hivi, mwezi upo."

Nilimtazama baba. Sijawahi kutaka jibu kama nilivyolitaka lile.

"Askari wanapita njia hii," baba alisema. "Wanaingia hata majumbani kuchukua baiskeli, hata za boma lenyewe. Nikiwa nayo naweza kuificha porini. Siwezi."

"Iache!" nikapiga kelele, mbele ya mkubwa, jambo ambalo halikuwa na mfano nyumbani kwetu. "Iache, baba! Mtoto hanyonyi!"

Nilingojea kofi. Baba hakunipiga. Aliinama akaanza kuokota majani ya kujaza tairi. Kila mara aligeuka kuitazama njia, nikadhani anakwepa macho yangu.

Tulilala pale, na asubuhi tulianza kupanda. Baba aliibeba baiskeli begani mahali ambapo njia ilikuwa mawe matupu, chumvi imening'inia shingoni, na mimi nilitembea nyuma yake nikikichukia kile chuma kwa moyo wangu wote. Niliokota kijiwe nikairushia baiskeli. Kikamgonga baba kisogoni. Hakugeuka.

Tulifika alasiri. Wanaume walikuwa wamekaa nje juu ya mikeka, na mjomba Mkude alikuwa ananawa udongo miguuni. Sikuhitaji kuambiwa. Mdogo wangu alikuwa amefariki alfajiri, na kabla ya adhuhuri walikuwa wameshamzika. Walikuwa wamempa jina la Hamisi.

Baba aliingia ndani, kwa mama. Mimi nilisimama mlangoni.

"Mmechelewa wapi?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Mpira," baba alisema. "Mpira ulitoboka."

Mpaka leo sijasikia maneno madogo kuliko hayo. Alikaa naye kitambo kifupi, akampa ile chumvi, akatoka akaenda kaburini na mjomba wakasoma dua. Kisha akaishika baiskeli yake akaanza kuteremka, jua likiwa bado linaonekana. Hakukaa hata matanga. Mimi nikabaki kwa mama, nikajiambia kwamba baba yangu alichagua chuma.

Niliyashika maneno hayo miaka mingi. Wadachi waliondoka, Waingereza wakaja, baba akawa mkulima kama watu wengine. Nilimpa heshima yake yote. Nilimsalimu, nilimpikia, nilimfulia. Lakini sikumpa mazungumzo. Akinikalia karibu nilikumbuka kazi jikoni. Naye hakuniuliza kitu.

Baba alipofariki nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne. Miaka mitatu baada ya hapo tulikuwa tunachambua kunde, mimi na mama, nikalisema kwa mara ya kwanza. Nilisema, "Angetembea tu, mama. Siku ile ile tungefika. Tungemkuta Hamisi yu hai."

Mama aliendelea kuchambua. Halafu akaniuliza kama namkumbuka Athumani, tarishi mwenziwe baba. Nilimkumbuka kidogo: mtu mrefu mwenye mwanya.

"Athumani alinyang'anywa baiskeli njiani na askari," mama alisema. "Boma hawakutaka kusikia. Walimchapa, wakamtoa kazini, na kesho yake akafungwa kamba pamoja na wapagazi wa kubeba mizigo ya vita. Hakurudi. Mkewe alikuwa anakuja kwangu kulia, mwezi ule ule niliokwenda kujifungua. Baba yako aliyajua yote hayo."

"Na yeye alichelewa kurudi," nikasema.

"Alichelewa. Alisukuma mpaka kukacha. Wakamchapa viboko kumi na vitano. Lakini baiskeli ilikuwapo, basi kazi ikawapo." Akapepeta kunde, maganda yakaruka. "Siku ile nilikuwa nimelala nimeuelekea mlango. Nimetoka kumpoteza mmoja. Nikasikia sauti ya lile gurudumu likikwaruza mawe, nikamshukuru Mungu kwamba sijapoteza wawili."

"Mbona hukuniambia?"

"Yeye alikataa. Alisema mtoto akijua baba yake anaogopa, atalala vipi?"

Nilinyanyuka, nikatoka nje. Nilitaka kumwita baba. Nilitaka kumkalia karibu, hata bila neno, kama alivyokuwa akinikalia yeye nami nikikimbilia jikoni. Nilisimama uani pale hadi mama akaniita niingie, kunde zimekwisha.