Mkimbiaji wa Tano

Mdogo wangu alikuwa na mbio kunishinda. Pale mtaani South End, Louisville, kila mtu alilijua hilo, hata mama, aliyekuja kututazama mara moja tu, siku aliyopewa ruhusa kazini. Sisi ni Warundi, tumezaliwa kambini Tanzania. Tulifika Marekani tukiwa wasichana wakubwa, Kiingereza hatukijui, na alama zetu za mwanzo za sekondari zilikuwa za kuficha.

Kocha wa mbio za nyika wa chuo kikuu kimoja cha Columbus alikuja nyumbani, akaketi jikoni, akala ugali na maharage. Alimwambia mama, mimi nikitafsiri, kwamba angetuchukua sote wawili: mimi kwanza, mdogo wangu akimaliza shule. Mkuu wa chuo wa wakati huo alipenda michezo. Kocha akimwandikia barua kumwombea mwanafunzi, ofisi ya udahili ililegeza masharti. Mimi niliingia kwa barua ya namna hiyo.

Mwaka uliofuata mkuu yule alistaafu. Aliyemrithi akatangaza kwamba sharti ni moja kwa kila mwombaji. Mdogo wangu akakataliwa.

Nilikuwa nyumbani siku barua ilipofika. Mdogo wangu alitusomea mezani, akiitafsiri polepole kwa Kiswahili.

"Kwani hawajakuona ukikimbia?" mama akauliza.

"Wanaosoma maombi si wale wanaotazama mbio, mama."

Niliporudi Columbus niliomba kumwona mkuu mpya. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wenzako wawili walioingia kwa barua za kocha wameondoka bila shahada. Walituletea medali. Sisi tuliwapa nini?"

Mmoja wao nilikuwa nikikaa naye chumba kimoja. Nikasema tu kwamba mdogo wangu hangeondoka.

"Naamini," akasema, akanisindikiza mpaka mlangoni.

Msimu huo tuliutaka ubingwa. Katika mbio za nyika timu huhesabiwa wakimbiaji wake watano wa kwanza, na wanne wetu tulifika mapema. Tukasimama kwenye matope kumngoja wa tano, msichana mwenye bidii aliyeingia kwa alama nzuri. Wakapita wengi kabla yake. Tukawa wa pili. Alilia akituomba radhi, nami nikamkumbatia huku nikimchukia, jambo ambalo sikumwambia mtu. Kocha aliondolewa kabla theluji haijaanguka.

Mdogo wangu alihamia Buffalo, kwa shangazi yetu anayekaa mtaa wa Black Rock, akapata kazi kiwanda cha kufungasha nyama. Nilipohitimu nilimfuata huko na fomu za chuo kidogo cha jirani.

"Hawa hawaangalii alama za zamani," nikamwambia. "Nitakujazia mimi."

"Jaza, dada," akasema kwa upole, kama mtu anayemridhisha mgeni. "Ila kukimbia, hapana. Nasimama kutwa nzima. Magoti yameisha."

Nilijaza, akatia sahihi, nami nikarudi Louisville. Baada ya miezi kadhaa shangazi aliniambia kwa simu kwamba fomu bado ziko juu ya friji.

Mama ameitundika shahada yangu sebuleni Louisville. Mdogo wangu akija kututembelea huketi kiti kinachoipa mgongo. Huenda anakipenda kwa sababu kiko karibu na dirisha. Sijawahi kumuuliza.