Paskalina na Mimba Isiyokuwa na Mtoto

Siku ya kwanza niliyoripoti wodi ya wazazi kule Mbulu, Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, hakutaka kuona vyeti vyangu. Alitaka mikono. Nikampa, akaishika, akaiachia haraka.

"Wewe binti wa Iramba, kwa mikono ya baridi hivi utampapasa nani? Mama akishtuka tumbo linakaza, na likikaza halikuambii kitu. Kaote moto jikoni kwanza."

Ndivyo nilivyoanza ukunga, nikiota moto. Ninyi wauguzi wa leo mna mashine, wala siwaonei wivu. Sisi tulikuwa na vidole, na kipimo cha mti chenye umbo la tarumbeta ndogo. Upande mmoja unauweka kwenye tumbo la mama, upande wa pili kwenye sikio lako, halafu unanyamaza mpaka moyo wa mtoto usikike. Ukungu wa asubuhi, chai ya maziwa ya zamu, vicheko vya wazazi wakilinganisha vichanga vyao! Natamani hata siku moja ya hayo irudi, pamoja na ukali wa Matroni.

Ni yeye aliyenifundisha habari za mimba isiyokuwa na mtoto. Vitabu vyetu viliiita mimba ya uongo, naye alilichukia jina hilo.

"Mwongo ni nani hapo?" alituuliza. "Hedhi imekoma, tumbo limekua, maziwa yanatoka, na mama anamsikia mtoto akicheza. Mwili umeamini. Kazi yako ni kupima vizuri, maana uvimbe nao hujaza tumbo. Ukishapima, sema ukweli bila kumvua mama nguo mbele za watu."

Alituambia hali hiyo huwapata zaidi wanawake wenye hamu kubwa ya mtoto, waliowahi kupoteza mimba, au wanaosemwa kila siku nyumbani. Niliandika, nikafaulu mtihani. Kuelewa kulinichukua muda zaidi.

Baadaye nilihamishiwa Hanang, kwenye zahanati ndogo uwandani, upande wa Mogitu. Mkubwa wangu pale alikuwa Mganga Mfawidhi, kijana hodari wa sindano na mwepesi wa mdomo. Hapo ndipo alipokuja Paskalina, mke wa mfugaji, aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi bila kuzaa. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Sasa tumbo lilikuwa kubwa, na mama mkwe alimsindikiza kila kliniki, bangili zake za shaba zikilia tangu mlangoni.

Katika boma lao, mwanamke aliyejifungua hatoki kuchota maji wala kuni. Hukaa ndani miezi kadhaa akinywa maziwa na samli aliyowekewa kwenye kibuyu. Hata aliyefiwa na mtoto hutunzwa vivyo hivyo. Mama mkwe alikuwa akijaza kibuyu cha Paskalina tangu tumbo lilipoanza kuonekana.

Miezi ikapita; kila kliniki tumbo lilikuwa limekaza, nikadhani ndilo linalomficha mtoto, na uchungu haukuja. Nilipapasa nikitafuta kichwa, nikatafuta mgongo. Nikaweka kipimo, nikasikia tumbo likinguruma tu. Nikagonga kwa vidole, likalia kama debe tupu. Tukampeleka hospitali ya Katesh, kwenye mashine ya ultrasaundi iliyokuwa imeletwa karibuni, na picha ikaonyesha kizazi kitupu, bila mtoto na bila uvimbe.

Tuliporudi zahanati, Mfawidhi alisoma majibu akacheka. "Mwambie aache maigizo, akalime."

Paskalina alikuwa amesimama palepale. Nilimtoa mkubwa wangu wa kazi chumbani. Ndiyo, nilimtoa, na mlango nikaufunga.

"Mashine imekosea, nesi," Paskalina alisema. "Anacheza. Weka mkono."

Nilisugua viganja vyangu mpaka vikapata moto, nikaweka pale aliponionyesha. Nilikaa hivyo muda mrefu.

"Nimemtafuta, Paskalina. Kwa mikono, kwa masikio, na kwa mashine. Sijamkuta."

Alilia kilio ambacho nimekisikia kwa waliozaa wafu tu. Kisha akaniuliza, "Nyumbani nitaingia kama nani? Aliyezaa ana samli yake. Aliyefiwa ana samli yake. Mimi ni nani?"

Niliogopa angerudishwa kwao, au angejiua njiani. Nikatoka nje kwa mama mkwe, nikamwamkia tena, nikamweleza yote.

"Kumbe alitudanganya?" aliuliza.

"Hapana, mama. Maziwa yake uliyaona?"

"Niliyaona."

"Basi hata yeye aliyaona, akaamini."

Akawa anazungusha bangili mkononi. Halafu akasema polepole, "Hata mimi niliweka mkono, nesi. Nikamsikia mjukuu wangu anacheza."

"Sasa kwenu, mwanamke aliyemlea mtoto moyoni hivyo, kisha akaambiwa hayupo, anafanyiwa nini?"

Bibi yule aliinuka, akaingia ndani, akamshika mkwewe mkono. "Twende nyumbani. Aliyefiwa habebi maji. Samli yako ipo."

Paskalina alikaa ndani kama mama yeyote aliyefiwa. Nilimtembelea mara kwa mara. Tumbo likanywea, hedhi ikarudi, huzuni ikachelewa kuondoka. Kulikuwa na siku hakusema neno, nami nilikaa naye tu. Huo nao ni uuguzi, ingawa hakuna mashine inayoupima.

Nimestaafu sasa, naishi Katesh. Magoti yanauma nikipanda kilima, lakini mikono bado ni ya moto, Matroni angefurahi. Juzi, siku ya mnada, mwanamke mwenye mvi alinisimamisha kati ya mbuzi na ndoo za plastiki.

"Shikamoo, mama nesi."

"Marahaba." Nikamtazama, nikamtambua. Paskalina hakuwahi kuzaa. Aliniambia analea watoto wa shemeji yake, na kwamba mama mkwe alifariki kipindi cha mavuno.

Kisha akashusha sauti. "Mtoto wangu, unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

Akashika mikono yangu yote miwili. "Afadhali. Bibi yake ameshaondoka. Tumebaki mimi na wewe tu tuliomjua."