Muhuri wa Mwalimu Mkuu

Kwenye kaunta ya hospitali moja hapa Guangzhou, binti anayesomeshwa nyumbani na mama yake, muuza jinzi, alifuata barua ya hospitali. Kila Jumamosi huwatafsiria bure wagonjwa wetu Waswahili, na chuo cha udaktari anachoomba kinataka uthibitisho wa kazi hiyo.

“Anataka muhuri wa shule,” binti akamtafsiria mama maneno ya karani.

“Kwani mwalimu mkuu si mimi?” Mama akagonga fomu ya kuombea barua kwa muhuri wake wa mizigo. Pu!

Karani akatikisa kichwa. Mzee mwenye bandeji, mbele yangu kwenye foleni, akamngurumia binti: “Mwambie wewe ni daktari tayari!”

“Hilo sitafsiri, babu.”

Basi foleni nzima ikanyoosha madole gumba na kupaza Kichina chetu cha sokoni: “Hao! Hao!” Yaani, safi kabisa. Karani akacheka, akapiga muhuri mwekundu wa hospitali.

Mimi vyeti vyangu vina mihuri tele, lakini umati pekee uliowahi kunipigia kelele ulitaka nikatishe hotuba, nishuke jukwaani.